Kitanzi, takwimu na jaji asiye na uchaguzi

Tarehe 22 Juni 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania, aliyekuwa akiketi Dodoma, alitoa uamuzi ambao mpaka leo unasomwa katika vyuo vya sheria ndani na nje ya Afrika Mashariki. Washtakiwa wawili walikuwa wametiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, katika shauri la jinai namba 44 la mwaka 1991 ambalo wanasheria hulitaja kwa jina la Mbushuu. Sheria iliamuru wanyongwe hadi kufa. Jaji alikataa, akaeleza kwa kirefu kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba ya nchi, akawapa kifungo cha maisha. Tarehe 30 Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, na kitanzi kikarudi mahali pake katika vitabu vya sheria.

Tangu hapo, kila linapotokea tukio la mauaji linalowatia watu uchungu, mjadala huanza upya, na karibu kila mara huanza vibaya. Mmoja husema adhabu ya kifo ni unyama. Mwenzake humjibu kwamba bila kitanzi wauaji wataongezeka. Wa tatu husema muuaji anastahili alichokitenda. Kila mmoja hudhani anamjibu aliyemtangulia, kumbe wanajibu maswali tofauti. Kama adhabu inamdhalilisha binadamu ni jambo la Katiba. Kama inapunguza mauaji ni jambo la utafiti, na hujibiwa kwa takwimu au halijibiwi kabisa. Lipo pia swali ambalo huku kwetu halizungumzwi vya kutosha ingawa ndilo linalogusa kesi nyingi zaidi: je, ni haki sheria kumpa jaji adhabu moja tu, asiweze kumtofautisha mtu mmoja na mwingine? Nitayachukua yote, lakini sitayapa nafasi sawa, kwa sababu uzito wake haulingani.

Katika suala la Katiba, jambo linaloshangaza wengi ni kwamba mahakama hizi mbili hazikutofautiana kadiri watu wanavyodhani. Ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha. Mwalusanya alisema kunyongwa kunaangukia hapo. Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Augustino Ramadhani, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu na kisha Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kinyama na ya kudhalilisha. Njia zao ziliachana katika hatua iliyofuata. Ibara ya 30(2) inaruhusu sheria inayobana haki fulani kubaki halali endapo inalinda maslahi ya umma, na mahakama zetu zimeweka vipimo viwili: sheria hiyo isiache mwanya wa kutumika kiholela, na isibane haki kupita kiasi kinachohitajika kufikia lengo lake. Mwalusanya aliona Serikali imeshindwa kuthibitisha kwamba kitanzi kinahitajika wakati kifungo cha maisha kipo. Mahakama ya Rufani iliona kwamba jamii yenyewe ndiyo yenye kuamua kama adhabu ya kifo inahitajika ili kulinda uhai wa watu wake.

Hapo ndipo utafiti ulipoingia mahakamani. Mara tu unapouliza kama adhabu inahitajika, umeshauliza kama inafanya kazi, na hilo si jambo la kusoma katika ibara. Mwezi Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipoifuta adhabu ya kifo nchini mwake, iliijadili hukumu ya Tanzania, ikajibu kwa namna nyingine: anayetaka kuondoa uhai wa mtu ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba hatua hiyo ina faida ambayo kifungo cha maisha hakina. Tofauti kati ya Jaji Mwalusanya, Mahakama ya Rufani na mahakama ya Afrika Kusini ilikuwa, kwa sehemu kubwa, juu ya nani abebe mzigo wa kuthibitisha pale ambapo wataalamu wenyewe hawajakubaliana.

Wataalamu hao wamesema nini, basi? Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1764 Cesare Beccaria wa Milano aliandika kwamba kinachomzuia mtu asitende kosa ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Kwa muda mrefu kauli hiyo ilijadiliwa zaidi kama hoja ya kifalsafa. Mwaka 1975 mwanauchumi wa Marekani, Isaac Ehrlich, alijaribu kupima kwa hesabu nguvu ya adhabu ya kifo. Alichukua takwimu za mauaji na za kunyongwa za Marekani nzima kuanzia mwaka 1933 hadi 1969, akaziweka pamoja na takwimu za ukosefu wa ajira, kipato, umri wa watu na uwezekano wa mhalifu kukamatwa, kisha akahitimisha kwamba kila mtu aliyenyongwa huenda aliepusha mauaji saba au manane. Matokeo hayo yalivuma. Yalitumiwa na mawakili wa Serikali mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, na hadi leo bado yanatajwa na watu ambao hawajui yalikotoka.

Tatizo lilijitokeza wachunguzi wengine waliporudia hesabu ile ile. Walipoondoa miaka michache ya mwisho, kuanzia takriban mwaka 1962, ile nguvu ya kitanzi ilitoweka. Sababu yake si ngumu kuelewa. Katika miaka ya sitini Marekani iliacha kunyonga kwa kasi kubwa, na katika miaka hiyo hiyo uhalifu wa kila aina ulipanda, ukiwemo wizi na uporaji, makosa ambayo kwa kawaida hayakuwa na uhusiano wowote na kunyongwa. Hesabu ya Ehrlich iliona mambo mawili yaliyotokea kwa pamoja ikayafanya moja kuwa mzazi wa jingine. Jopo la wataalamu lililoundwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti mwaka 1978 likisema ushahidi wa aina hiyo hauwezi kutegemewa. Tafiti mpya ziliendelea kutoka, nyingine zikidai kila anayenyongwa huokoa watu kadhaa, nyingine zikidai kunyonga huongeza mauaji. Mwaka 2012 jopo jingine la baraza hilo hilo lilizipitia tafiti za zaidi ya miongo mitatu na kufikia jibu ambalo halikumfurahisha mtu: tafiti hizo haziwezi kutuambia kama adhabu ya kifo hupunguza mauaji, huyaongeza, au haina athari yoyote, na hazifai kutumiwa kama msingi wa kutunga sera.

Ni muhimu kuelewa kwa nini jibu lilikuwa hilo, maana wengi husikia "hatujui" wakadhani watafiti ni wavivu. Daktari anayetaka kujua kama dawa inatibu huwagawa wagonjwa kwa kura, nusu wakapewa dawa na nusu wasipewe. Hakuna nchi inayoweza kugawa mikoa yake kwa kura, Dodoma wanyonge na Singida wasinyonge, kisha wangoje miaka ishirini. Mtafiti analazimika kutumia yaliyojitokeza yenyewe, na yaliyojitokeza hayaji peke yake. Nchi inayofuta adhabu ya kifo mara nyingi wakati huo huo inabadilisha polisi wake, uchumi wake na umri wa watu wake. Zaidi ya hapo, ili kitanzi kimtishe mtu ni lazima awe na picha fulani kichwani kuhusu uwezekano wa kunyongwa, na jopo la mwaka 2012 lilibaini kwamba tafiti karibu zote zilikisia tu picha hiyo bila kuichunguza.

Ulinganisho ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, ni ule uliochapishwa mwaka 2010 na watafiti watatu wa Marekani waliolinganisha Hong Kong na Singapore. Miji hiyo inafanana kwa mengi: ukubwa, asili ya watu wengi, historia ya kutawaliwa na Waingereza, kasi ya uchumi. Hong Kong ilinyonga mtu wa mwisho mwaka 1966. Singapore, katikati ya miaka ya tisini, ilikuwa miongoni mwa nchi zinazonyonga watu wengi zaidi duniani kwa kulinganisha na idadi ya raia wake, kisha ikapunguza sana. Endapo kitanzi kingekuwa na nguvu inayodaiwa, mstari wa mauaji wa Singapore ungepaswa kushuka pale waliponyonga sana na kupanda walipopunguza. Haikuwa hivyo. Mistari ya miji yote miwili ilishuka pamoja kwa miongo, ikifuatana kwa karibu mno. Canada nayo, baada ya kufuta adhabu hiyo mwaka 1976, ilishuhudia kiwango cha mauaji kikishuka badala ya kupanda. Mifano hii haithibitishi kwamba kufuta kitanzi kunapunguza mauaji, na anayeitumia hivyo anarudia kosa la Ehrlich kutoka upande wa pili. Inachoonyesha ni kwamba maafa yaliyotabiriwa hayakutokea.

Kuna mtu atakayeuliza: kwa nini tusiangalie Tanzania yenyewe, ambako hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1994? Ulinganisho huo unavutia lakini hauna mguu wa kusimamia. Mahakama zetu hazijaacha kutoa hukumu ya kifo. Kilichosimama ni utekelezaji. Mwanakijiji wa Kongwa au Manyoni anayesikia redioni kwamba fulani "amehukumiwa kunyongwa hadi kufa" hana njia rahisi ya kujua kwamba hukumu hiyo haitekelezwi. Kwa hiyo miaka yote hii haijapima maisha bila adhabu ya kifo. Imepima maisha chini ya adhabu iliyotangazwa isiyotimizwa, nalo ni jambo tofauti.

Pale ambapo watafiti wamekaribia kukubaliana ni kwenye lile wazo la Beccaria. Ushahidi kwamba watu huogopa kukamatwa ni imara kuliko ushahidi kwamba huogopa urefu au ukali wa adhabu, na sababu ni ya kibinadamu: anayepanga kuua hupanga pia kutokamatwa, na anayeua katika ugomvi wa pombe au wa mpaka wa shamba hapangi chochote. Jambo hili lina maana kubwa kwetu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika mahakama ya wilaya asubuhi kesi za mauaji zinapotajwa anaijua kauli ya mwendesha mashtaka kwamba upelelezi haujakamilika, shauri likaahirishwa, mahabusu akarudi gerezani kwa sababu kosa lake halina dhamana, na ndugu wa marehemu wakapanda basi kurudi kijijini bila jibu. Ikiwa kinachozuia uhalifu ni uhakika, basi kila kuahirishwa kwa namna hiyo kunapunguza ulinzi wetu kwa kiasi ambacho ukali wowote wa adhabu hauwezi kufidia. Tume ya Rais iliyoundwa mwaka 2023 kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliwasilisha ripoti yake Julai mwaka huo huo, na upelelezi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochukua nafasi kubwa. Naona hapo ndipo fedha na akili za nchi zinapaswa kwenda kwanza.

Linabaki suala la uchaguzi wa jaji, ambalo kwangu ndilo kiini. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaamuru kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia ahukumiwe kifo. Zipo nafuu mbili tu zinazotokana na hali ya mshtakiwa: aliyekuwa na umri chini ya miaka 18 na mwanamke mjamzito hawanyongwi. Nje ya hizo, jaji hana cha kupima. Chukua mfano wa kubuni. Mtu mmoja alikodiwa kwa fedha, akamvizia mzee njiani na kumkata mapanga. Mwanamke mwingine alipigwa na mumewe kwa miaka, na usiku mmoja mume akiwa usingizini akampiga kwa mchi. Kijana wa tatu alifuatana na wenzake kwenda kupora duka, yeye akabaki nje kuangalia barabara, na ndani mwenye duka akauawa; kwa kanuni ya nia ya pamoja anaweza kuhesabiwa muuaji kama wenzake. Wote watatu wakitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, adhabu ni moja. Katika wizi wa kuku hakimu husikiliza maombi ya kupunguziwa adhabu, huuliza kama ni kosa la kwanza, kama mshtakiwa ana watoto, kama amejutia. Katika kosa kubwa kuliko yote sheria inamfunga jaji mdomo.

Matokeo yake ni kwamba mvutano wote unasukumwa nyuma, kwenye swali la hatia. Kwa kuwa huruma haina mlango kwenye adhabu, hutafuta mlango kwenye nia ovu, kwenye kughadhibishwa, kwenye ulevi, kwenye akili ya mshtakiwa. Hapa Dodoma tunalijua jambo hili kuliko mikoa mingine, kwa sababu washtakiwa wanaodaiwa kuwa na maradhi ya akili hupelekwa Taasisi ya Isanga, iliyo sehemu ya Hospitali ya Mirembe, ili wachunguzwe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa daktari siku 42 kuandika taarifa. Anachotakiwa kuisaidia mahakama kuamua si kama mtu huyo ni mgonjwa tu, bali kama wakati wa tendo alishindwa, kwa sababu ya ugonjwa, kuelewa alichokuwa akifanya, kutambua kwamba hakupaswa kukifanya, au kulidhibiti tendo lake. Kipimo hicho kina mizizi katika kanuni za Uingereza za mwaka 1843. Ni kipimo cha ndiyo au hapana. Mtu ambaye ugonjwa umempunguzia uwezo wa kufikiri bila kuuondoa kabisa anaanguka upande wa hatia, na akishaanguka huko, ugonjwa wake haumsaidii tena mbele ya jaji. Kama jaji angekuwa na uchaguzi wa adhabu, taarifa ile ile ya daktari ingekuwa na kazi ya pili.

Mahakama za majirani zimeshalishughulikia suala hili bila kulazimika kwanza kumaliza ubishi wa takwimu. Malawi ilitangulia mwaka 2007, Mahakama ya Juu ya Uganda ikafuata Januari 2009, ya Kenya Desemba 2017. Zote zilisema adhabu ya kifo ya lazima ni batili, lakini hazikuifuta adhabu ya kifo yenyewe. Hukumu iliyotuhusu moja kwa moja ilitolewa tarehe 28 Novemba 2019, pale Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipoamua kwamba sheria ya Tanzania inavunja haki ya kuishi kwa kumwondolea jaji uwezo wa kupima hali ya kila mshtakiwa, na ikaitaka Serikali irekebishe sheria hiyo ndani ya mwaka mmoja. Siku chache kabla ya hukumu hiyo Tanzania ilikuwa imetoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki katika mahakama hiyo. Kwa kuwa uondoaji huanza kutumika baada ya mwaka, kesi zilizokuwa zimeshafunguliwa ziliendelea kusikilizwa, na zilizofuata zilirudia uamuzi ule ule.

Utetezi unaosikika mara nyingi ni kwamba jambo hili halina haraka kwa sababu hakuna anayenyongwa. Rais John Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kwamba hatatia saini amri za kunyonga, na Desemba mwaka huo, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika hapa Dodoma, aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wakingoja kunyongwa. Nafuu hiyo ni ya kweli kwa waliofunguliwa. Kwa waliobaki, maisha yao yanategemea msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45, ambao hausikilizwi mahakamani wala hautolewi sababu. Uzito wa kosa la kila mmoja, ambao jaji angeupima mbele ya mawakili wa pande zote mbili, unapimwa faraghani au haupimwi. Mahakama ya Uganda ilisema mwaka 2009 kwamba mtu akingoja zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa yake ya mwisho bila Serikali kuamua hatima yake, hukumu yake igeuke kifungo cha maisha. Sisi hatuna kikomo kama hicho katika sheria.

Kwa watafiti wa sheria walio Chuo Kikuu cha Dodoma na kwingineko, mimi ningependekeza waachane na swali la kama kitanzi huzuia mauaji, maana majopo yenye takwimu nyingi kuliko zetu yameshindwa kulijibu, na wageukie lile ambalo majalada yetu yanaweza kulijibu. Malawi imeonyesha njia: baada ya adhabu ya lazima kubatilishwa, wafungwa walirudishwa mbele ya majaji ili wahukumiwe upya, na mawakili pamoja na wasaidizi wa kisheria walikwenda vijijini kuuliza yale ambayo hayakuulizwa mara ya kwanza, kuhusu umri, ugonjwa, umaskini, nafasi ya mtu katika tukio. Wengi wa waliohukumiwa upya walipewa vifungo vya miaka, na baadhi waliachiwa kwa kuwa muda waliokwisha kukaa gerezani ulitosha. Kazi ya namna hiyo inaweza kuanza hapa kwa kusoma majalada ya mauaji ya Mahakama Kuu, Kanda ya Dodoma, moja baada ya jingine, na kuandika katika kila moja: nani aliuawa na nani, kwa silaha gani, katika ugomvi wa nini, mshtakiwa alikaa mahabusu muda gani kabla ya kusikilizwa, wakili wake alipangiwa shauri lini, daktari wa Isanga aliandika nini, na ni jambo gani ambalo jaji, kama angeruhusiwa, angetaka kulijua kabla ya kutamka adhabu.